"Silewi, ila presha imepanda": nipunguze bia hadi wapi?

Swali: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Kilimanjaro, nina miaka 48. Siku za kazi hunywa bia tatu jioni, chupa za mililita 500, na Jumamosi na Jumapili hufika sita kwa siku. Mbege hunywa penye shughuli tu. Sijawahi kulewa nikaanguka wala kukosa kipindi. Kliniki wamenipima presha mara mbili, wakapata 152 kwa 94 na 150 kwa 96, wakanianzishia amlodipini na kuniambia nipunguze pombe. Nipunguze hadi wapi? Je, bia si afadhali kuliko pombe kali, na si kweli kwamba kidogo husaidia moyo? Nilipokwenda semina ya siku tatu bila kunywa, mikono ilitetemeka asubuhi na usingizi ukanipotea, lakini nadhani ilikuwa kahawa.

Jibu: Mwalimu, katika barua yako jambo zito kuliko yote umeliweka mwishoni kama nyongeza, nalo ni hiyo mikono iliyotetemeka. Nitalieleza kwa kirefu baadaye, lakini kwa sasa naomba usiamue usiku wa leo kuacha pombe ghafla ukiwa peke yako, hata kama yatakayofuata hapa yatakutia hamu ya kufanya hivyo.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ushauri wa "punguza pombe" usio na kipimo haufuatiki. Aliyezoea chupa sita akinywa tano ataona ametii, na hatakuwa amesema uongo. Kinachoudhuru mwili katika kila kinywaji ni ethanoli, kwa hiyo kinachohesabiwa ni gramu za ethanoli, si chupa wala glasi. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, izidishe kwa ujazo wa chupa, kisha uzidishe tena kwa 0.79, kwa kuwa ethanoli ni nyepesi kuliko maji. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli, ambazo ni takriban gramu 20. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja, hivyo kila chupa unayoagiza ni vinywaji viwili.

Kwa hesabu hiyo, wiki yako ina chupa 15 za siku za kazi na 12 za mwisho wa wiki, jumla 27, yaani gramu 540 kabla hatujagusa mbege. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 unawashauri watu wasizidi gramu 112 kwa wiki, tena zigawanywe katika siku tatu au zaidi. Kanada walikwenda mbali zaidi mwaka 2023 wakasema hatari hubaki ndogo iwapo mtu hazidishi vinywaji viwili kwa wiki, ambavyo kwa chupa zako ni moja na theluthi, kwa kuwa kinywaji kimoja cha Kanada ni kikubwa kidogo, takriban gramu 13.5. Wewe uko karibu mara tano ya kiwango cha Uingereza, ambacho ndicho kilicholegea zaidi kati ya hivyo viwili. Aidha, Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa mkao mmoja kuwa ni unywaji wa kupindukia. Bia zako tatu za Jumatatu zinafika hapo hapo, na Jumanne unarudia.

Najua jibu linalokuja: "Lakini silewi." Hicho ndicho kipimo ambacho wengi wetu tumekizoea, kwamba mnywaji mbaya ni yule anayepepesuka, anayetukana watu na kushindwa kuamka kesho yake. Kwa mwili, kutokulewa kwa bia tatu si dalili ya usalama. Ni dalili kwamba ubongo umekwisha jirekebisha ili ufanye kazi pombe ikiwamo. Ini, mishipa ya damu na utando wa koo havina mazoea ya namna hiyo. Vinapokea gramu zile zile, ziwe zimekulevya au hazikukulevya. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa, na hakuna supu, kahawa wala maji baridi ya kuliharakisha. Ukimaliza chupa ya sita saa nne usiku siku ya Jumapili, saa mbili asubuhi ya Jumatatu inaweza kukukuta mbele ya darasa pombe ikiwa bado kwenye damu, ingawa hakuna mwanafunzi wala mwalimu mwenzako atakayeitambua.

Kuna hojaji fupi ya maswali kumi, iitwayo AUDIT, iliyotengenezwa na Shirika la Afya Duniani ili kutambua unywaji wenye madhara. Imetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa majaribio hapo kwenu Moshi, katika Hospitali ya KCMC, ambako pia ulitengenezwa mpango wa ushauri kwa majeruhi wanaoletwa idara ya dharura, uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Alama 8 zinatosha kumwambia mhudumu wa afya kwamba mtu huyu azungumzwe naye. Nimechukua uliyoyaandika nikajibu maswali matatu ya kwanza tu, yanayouliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani, na ni mara ngapi unafikisha vinywaji sita kwa mkao mmoja. Umepata 10, na saba yaliyobaki hayajaguswa.

Sasa presha. Pombe huupandisha msukumo wa damu kwa kuuchochea mfumo wa neva unaokaza mishipa na kuongeza mapigo ya moyo, na kwa kuvuruga homoni zinazodhibiti maji na chumvi. Jambo la kutia moyo ni kwamba sehemu hii hurudi nyuma. Kwa wanaokunywa zaidi ya vinywaji viwili kwa siku, kupunguza hushusha presha ndani ya wiki chache, na kadiri mtu alivyokuwa akinywa zaidi ndivyo inavyoshuka zaidi. Kinyume chake, ukiendelea na chupa 27 kwa wiki, kliniki itaiona presha haishuki, itaongeza dozi ya amlodipini, kisha itaongeza dawa ya pili, nawe utakuwa unameza vidonge vya kupigana na kitu unachokinywa kila jioni. Mtu wa presha anayekunywa sana hujiongezea pia hatari ya kiharusi na ya mapigo ya moyo kwenda mrama.

Kuhusu saratani sitapunguza maneno, kwa kuwa unaishi Kilimanjaro. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na orodha ya saratani zinazohusika ni ya kinywa, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Ini huigeuza ethanoli kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na bakteria wa kinywani hufanya kazi hiyo hiyo mate yakiwa bado yana pombe. Ndiyo maana kinywa na umio, ambao ni mrija wa chakula, huumia hata kabla pombe haijafika tumboni. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na mkoa wako umo ndani ya ukanda huo. Pombe si sababu pekee. Tumbaku imo, na chai au uji unaonywewa ukiwa wa moto wa kuunguza, zaidi ya nyuzi 65, unashukiwa pia. Mvutaji anayekunywa yumo hatarini mara nyingi zaidi, kwa kuwa visababishi hivyo viwili havijumlishani, bali huzidishana. Hukusema kama unavuta. Kama unavuta, hilo nalo lipeleke kliniki. Mtu anayeanza kukwamwa na ugali au nyama kooni asingoje dalili ya pili. Habari njema ni kwamba mwaka 2023 shirika hilo hilo lilihitimisha kuwa ushahidi unatosha kusema kupunguza au kuacha pombe hushusha hatari ya saratani ya kinywa na ya umio.

Ini nitalipitia haraka. Mafuta hujikusanya kwanza, na mafuta hayo huweza kuondoka ndani ya wiki kadhaa za kutokunywa. Makovu ya sirosisi hayaondoki. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hufika kwenye makovu na saratani upesi zaidi akinywa, na wengi hawajijui kama wanavyo, kwa hiyo kapime.

Je, bia ni afadhali kuliko pombe kali? Kwa gramu moja ya ethanoli, hapana. Toti ya mililita 30 ya pombe yenye asilimia 35, kiwango cha Konyagi, ina gramu 8 na kidogo. Chupa yako moja ya bia inazidi toti mbili. Mtu akikuona umekaa na toti saba mbele yako atashtuka. Akikuona na bia tatu atakuagizia ya nne. Tofauti ya kweli ni mwendo, kwa kuwa pombe kali huingia mwilini upesi na ni rahisi kumaliza gramu 70 za chupa ya mililita 250 bila tumbo kujaa. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya vifuko vya plastiki vya pombe kali, viroba, viwe balaa hasa kwa vijana hadi Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Gongo ina hatari yake ya ziada, kwa sababu haina kipimo wala mkaguzi, na pale methanoli inapoingia humo mnywaji hupofuka au hufa.

Mbege nayo ni pombe, ingawa watu wengi huitetea kuwa ni chakula. Ndizi zilizochemshwa zimo kweli, kimea cha ulezi kimo, na uchungu wa msesewe umo, lakini ethanoli imo pia, na haina lebo ya kukuambia ni asilimia ngapi kwa sababu nguvu yake hubadilika na siku za kuchacha. Ikiwa na asilimia 4, lita moja ina zaidi ya gramu 30, na penye shughuli kata haizunguki mara moja. Ihesabu.

Lile la kusaidia moyo lilitokana na tafiti za zamani zilizoonyesha kwamba wanywaji wa kiasi waliishi muda mrefu kuliko wasiokunywa kabisa. Kasoro iligundulika baadaye: katika kundi la "wasiokunywa" walikuwamo watu wengi walioacha kwa sababu walikwisha kuugua, na miongoni mwa wanywaji wa kiasi walikuwamo wengi wenye kipato, lishe na tiba bora. Walipotenganishwa vizuri, faida ile ilipungua sana au ikatoweka. Mwezi Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Maana yake si kwamba glasi moja kwenye harusi itakuua. Maana yake ni kwamba hatari huanza chini kabisa na hupanda pamoja na gramu, kwa hiyo kila chupa unayoiondoa ina faida.

Turudi kwenye semina. Kahawa ya ziada huweza kutetemesha mikono, siwezi kukubishia, lakini mpangilio ulioueleza si wa kahawa. Umekunywa kila siku, umekatisha ghafla, asubuhi iliyofuata mikono imetetemeka na usiku usingizi umekukimbia. Pombe hukandamiza ubongo, na ubongo unaokandamizwa kila jioni kwa miaka hujisukuma kwa nguvu upande wa pili ili ubaki sawa. Ukiondoa pombe kwa ghafla, ule msukumo hubaki peke yake bila kizuizi. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kinywaji cha mwisho. Watu wengi huishia hapo na hupata nafuu baada ya siku chache. Wachache hupata degedege, mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza, na wachache zaidi, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, huona au kusikia vitu visivyokuwapo, hupanda homa na presha, na bila tiba huweza kufa. Ndiyo maana yule anayezimua asubuhi kwa bia moja hujisikia mzima ghafla. Hajatibu uchovu wa jana, amerudisha kile ambacho ubongo wake umekwisha kukitegemea.

Kwako wewe dalili zilikuwa nyepesi, na huenda zikawa nyepesi tena, ila haziahidi hivyo. Kila mara mtu anapokatisha ghafla kisha akarudia, zinazofuata huelekea kuwa kali zaidi. Kwa hiyo nenda kliniki kwanza, umwambie daktari habari ya semina kwa maneno yale yale uliyoniandikia. Akiona hatari ni kubwa, kwa mfano kama umewahi kupata degedege au una ugonjwa mwingine mzito, atataka uachie hospitalini, ambako watakupa dawa ya kutuliza ubongo kwa dozi inayoshuka kila siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huikosa na kukosekana kwake huharibu ubongo. Usijinunulie diazepamu dukani. Ikikutana na pombe hupunguza pumzi, na kuna watu ambao hawakuamka.

Daktari akikubali ushukie nyumbani, shuka polepole. Kwanza sawazisha wiki, ili Jumamosi na Jumapili nazo ziwe na chupa tatu kama siku nyingine. Hilo peke yake linaondoa chupa sita, yaani gramu 120. Kisha ondoa takriban nusu chupa kwa siku kila baada ya siku nne. Kutetemeka kukirudi, baki pale pale kwa siku kadhaa kabla ya kushuka tena, na usiruke hatua kwa sababu leo umejisikia vizuri. Katika muda huo endesha daftari dogo, uandike kila chupa na saa uliyoifungua kabla ya kuinywa, kwa sababu kumbukumbu ya mnywaji, hata mnywaji mkweli, huacha baadhi ya chupa nje.

Hadi wapi? Uliniuliza kiwango, nami nakupa maoni yangu bila kuyazungusha: kwa presha uliyonayo na kwa kutetemeka kule, shuka hadi sifuri, ukae hapo angalau miezi mitatu. Siyo kwa sababu ya maadili. Aliyekwisha kuonyesha dalili za utegemezi huona ni kazi ngumu zaidi kubaki kwenye chupa moja kuliko kukaa bila hata moja, kwa kuwa ile ya kwanza ndiyo inayoita nyingine. Baada ya miezi hiyo presha yako itapimwa upya, na wewe na daktari wako mtaamua mkiwa na namba mezani. Ukikataa sifuri, basi chupa tatu kwa wiki nzima, zisizonywewa siku moja, zitakuwa gramu 60, na kutoka 540 hiyo ni safari kubwa ambayo sitaidharau.

Kuna saa moja ngumu, nayo ni ile ya kutoka kazini. Bia zako tatu zina mahali pake, zina meza yake na watu wake, na ukipita pale grosari kwa nia ya "kusalimia tu" utakuta ya kwanza imekwisha kufunguliwa. Kwa wiki za kwanza pita njia nyingine, kula mapema kabla kiu ya jioni haijakolea, na uwe na shughuli yenye saa maalumu, hata kama ni kusahihisha madaftari nyumbani. Raundi ndizo mtego mkubwa kuliko kiu yenyewe: watu wanne wakinunuliana, kila mmoja analazimika kunywa nne ili asionekane amekimbia zamu yake. Nunua chako mwenyewe, kiwe soda au maji, na ukilipe mapema. Penye mbege, kupokea kata, kuigusisha midomo na kumpitishia anayefuata ni heshima tosha kwa wenyeji na kwa wazee. Na hakuna mtu Tanzania anayebishana na maneno "niko kwenye dozi". Kwa upande wako ni kweli tupu, maana amlodipini ni ya kila siku.

Usingizi utakusumbua wiki mbili tatu za mwanzo, na hapo ndipo wengi hurudi, wakiamini kwamba pombe ndiyo iliyokuwa ikiwalaza. Pombe huharakisha kulala, kisha huuvunja usingizi nusu ya pili ya usiku. Mtu huamka saa tisa akitokwa jasho na kutafuta maji. Vumilia kipindi hicho. Wakati huo huo jihadhari na dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo zikikutana na pombe huumiza utando wa tumbo hadi kutoa damu, pia na parasetamoli nyingi, ambayo huliongezea ini mzigo.

Siku ya kliniki omba vipimo vya ini, homa ya ini aina ya B, sukari na figo, na umuulize daktari kama kuna dawa ya kupunguza hamu, mfano naltreksoni, inayokufaa na inayopatikana karibu. Chukua lile daftari. Na mama watoto wako umweleze kabla hujaanza kushuka, umwambie kwamba akikuona unachanganyikiwa, unazungumza na mtu asiyekuwapo, unaanguka degedege, au unatetemeka kwa jasho na homa, asikupe bia wala asingoje kukuche. Akupeleke hospitali saa ile ile, na akifika awaambie tangu mlangoni kwamba ulikuwa unakunywa kila siku na lini ulikunywa mara ya mwisho, kwa sababu wasipojua hilo wanaweza kukutibu malaria.